Saksafoni ikilia kunguru: namna ya kulitafuta kosa kuanzia mdomoni hadi chini

Unapiga G ya kati, sauti imetulia vizuri. Unanyanyua kidole kupanda A, na hapo hapo chombo kinakwaruza kama kunguru aliyenyang'anywa dagaa pale Darajani. Wanafunzi wangu hapa Mjini Unguja wanauita mlio huo "kunguru", na jina limenikaa. Hauna wakati maalumu. Mazoezini unaweza usitokee wiki nzima, ukaja usiku wa harusi, ukumbi umejaa na bibi harusi anaingia.

Kijana akishapata kunguru, mkono wa kwanza unakwenda kwenye bisibisi. Ndugu yangu, iweke chini kwanza. Saksafoni nyingi nilizoletewa nikiambiwa "imeharibika, maalim" zilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa kwenye ridi au mdomoni mwa mpigaji, na baadhi zilikuja kuharibika kweli baada ya mwenyewe kuzungusha skrubu asizozijua kazi yake.

Utaratibu wangu ni mmoja: anza mdomoni, shuka shingoni, halafu shuka bombani hadi mwisho. Usiruke hatua. Saksafoni ni bomba moja, na pakivuja juu, kila noti iliyo chini ya hapo inaumwa. Ukianza kutafuta chini utawasumbua vitufe visivyo na hatia.

Hatua ya kwanza: ridi

Ridi ni ule ubapa mwembamba wa mwanzi unaofungwa kwenye mautipisi, kile kipande cha juu kabisa kinachoingia mdomoni. Adolphe Sax, fundi wa Kibelgiji aliyepata hataza ya chombo hiki Paris mwaka 1846, alikipa mwili wa shaba lakini sauti yake aliitegemeza kwenye mwanzi. Kwa hiyo saksafoni ni jamaa wa zumari kuliko wa tarumbeta, na tabia zake nyingi ni za zumari: mwanzi ukiwa mgonjwa, chombo chote ni kigonjwa.

Fungua kibano kinachoishika ridi, itoe, isimamishe mbele ya dirisha lenye mwanga. Ncha yake ni nyembamba kiasi cha kupitisha nuru. Tafuta ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, na tafuta kona iliyomeguka. Ukiona kimojawapo, itupe. Ridi iliyopasuka haina tiba. Ikiwa ncha haina ufa lakini imejikunja mawimbi kama ukingo wa chapati iliyolala, iloweke kwenye maji safi dakika chache, ilaze juu ya kioo, ikandamize taratibu kwa kidole gumba mpaka inyooke.

Ukiirudisha, angalia mambo mawili. Ridi ikae katikati, isielemee upande. Ncha yake ilingane na ncha ya mautipisi, na ukiitazama kwa mbele uone ukingo mweusi wa mautipisi kama uzi mwembamba tu juu yake. Ikipanda zaidi ya hapo au ikishuka sana, umemwita kunguru mwenyewe. Kibano kikazwe kiasi cha kuishika ridi isiteleze, basi. Skrubu zisikabwe.

Halafu weka ridi nyingine upige tena. Hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu wana ridi moja tu. Mwenye ridi moja hana cha kulinganishia. Hajui kama kosa ni la mwanzi au la chombo. Kuwa nazo nne, uzizungushe kwa zamu. Anayeanza achukue namba 2 au 2 na nusu. Namwona mtoto wa miezi mitatu anapewa namba 3 na nusu kwa sababu mkubwa wake anapigia hiyo. Anaing'ata ili itoe sauti, na kung'ata ndiko kunakoleta ukwaruzo.

Jambo moja la huku kwetu. Kisiwani hewa ni mbichi mwaka mzima, na wakati wa masika ridi iliyofungiwa kwenye kasha ikiwa na mate inaota kuvu kwa siku chache tu. Ukimaliza kupiga, ioshe kwa maji safi, ifute, ilaze juu ya kioo sehemu yenye upepo mpaka ikauke, ndipo uifungie. Ikiwa na manyoya ya kuvu au madoa meusi yaliyoingia ndani, usiirudishe mdomoni. Hewa ile unaivuta kifuani.

Hatua ya pili: mautipisi peke yake

Kama ningeruhusiwa kufundisha kipimo kimoja tu, ningefundisha hiki. Chomoa mautipisi pamoja na ridi yake, acha saksafoni mezani, na pulizia mautipisi peke yake. Fungua programu ya kupimia noti kwenye simu. Kwa saksafoni ya alto, mautipisi itoe A halisi, ile inayoonyeshwa na programu, yaani karibu hezi 880, ikae hapo sekunde kumi bila kuyumba. Kwa saksafoni ya tenor, iliyo kubwa kuliko alto, itoe G halisi. Kisha pachika mautipisi kwenye shingo, bado bila mwili, upulizie tena: alto itoe A-flati, tenor itoe E.

Sasa sikiliza jibu. Mautipisi peke yake ikikwaruza, usihangaike na kitufe hata kimoja, maana vitufe havimo kwenye kipimo hiki. Kosa ni la ridi au la mdomo. Sauti ikiwa juu kuliko hizo nilizotaja, unang'ata. Ikiwa chini na imelegea, midomo haishiki. Na ikitoka safi na kukaa pale pale, mdomo wako hauna neno. Teremka hatua inayofuata.

Kwa anayeng'ata, dawa ni kujua pa kuweka mdomo. Chukua kipande cha karatasi, kiingize baina ya ridi na mautipisi, kisukume taratibu mpaka kigome. Pale kilipogoma ndipo ridi inapoachana na mautipisi, na ndipo mdomo wako wa chini unapotakiwa kukaa. Weka alama ya penseli ubavuni. Ukimeza mautipisi kupita alama hiyo, ridi inakosa wa kuituliza na inapiga kelele itakavyo. Ukikaa nchani sana, sauti inakuwa nyembamba na imebanwa. Meno ya juu yaguse mautipisi, mdomo wa chini ukunjwe kidogo juu ya meno ya chini uwe godoro, na pembe za mdomo zivutwe kati kama mtu anayefunga mdomo wa mkoba kwa kamba. Kidevu kisicheze.

Ulimi nao usiupige ridi kama nyundo. Uguse tu, uondoke.

Hatua ya tatu: mikono, na mkono wa kanzu

Hii ni fupi lakini imeniaibishia wanafunzi wengi jukwaani. Pale kiganja cha kushoto kinapokaa kuna vitufe vitatu vya noti za juu kabisa, na ubavuni mwa mkono wa kulia kuna vingine. Ukivigusa bila kujua, hata kwa unene wa karatasi, tundu linafunguka juu ya bomba na noti inaruka. Mwambie mwenzako akutazame viganja wakati unapiga, maana mwenyewe huoni. Shika kama umeshika chungwa, kiganja kiwe na uwazi.

Na kama unapiga umevaa kanzu, kunja mikono yake. Kitambaa kilicholegea kinanasa kwenye vitufe vya ubavuni, na hutakijua mpaka umeshakwaruza mbele ya watu.

Hatua ya nne: shingo na kitufe cha oktavi

Mwaka jana kijana mmoja alikuja kwangu kutoka Pemba. Alipanda boti Mkoani asubuhi na saksafoni ya alto ndani ya mfuko wa kitambaa, shingo ikiwa imepachikwa mwilini ili, kwa maneno yake, "nikifika nipige tu". Alipofika, kila noti kuanzia D ya chini hadi G ilikuwa inaruka juu au kukoroma. Alikuwa ameshafungua skrubu mbili akiwa botini. Nilimwomba anipe chombo, nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango, nikaangalia juu ya shingo. Kile kipedi, yaani kifuniko kidogo kama punje ya mbaazi, kilikuwa hakijalala juu ya tundu lake. Ungeweza kupitisha ukucha chini yake. Mizigo ya watu ilikuwa imeegemea mfuko, pete ya oktavi, ile inayozunguka mwisho wa shingo, ikasukumwa, basi.

Kitufe cha oktavi, kile kinachoipandisha noti kwenye sauti ya juu, kinafanya kazi hivi. Unabonyeza kwa kidole gumba cha kushoto sehemu moja, lakini matundu ya oktavi ni mawili: moja liko mwilini, jingine shingoni. Kutoka D hadi G-shapu linafunguka la mwilini na la shingoni linabaki limefungwa. Kuanzia A kwenda juu inakuwa kinyume. Kwa hiyo kupima ni rahisi:

Bonyeza G kwa vidole vitatu vya kushoto, kisha bonyeza na uachie gumba mara kadhaa huku macho yako shingoni. Kipedi cha shingo kisitikisike. Sasa nyanyua kidole cha pete ili iwe A, gumba likiwa limebonyezwa. Kipedi cha shingo kinyanyuke. Rudi G, kifunge. Fanya hivyo polepole, G na A, mara kumi.

Kikinyanyuka wakati uko G, pete ya shingo imeisogelea mno ile pini inayochomoza juu ya mwili, na pini inaigusa kabla ya wakati. Chomoa shingo. Kandamiza kipedi kwa kidole gumba kibaki kimefungwa kabisa juu ya tundu lake, halafu kwa mkono mwingine vuta pete iwe mbali kidogo na upande wa pini. Kidogo sana, kama unavyonyoosha waya wa miwani. Pachika upime tena. Ile nafasi kati ya pete na pini uwapo G iwe kama unene wa kadi. Kama tatizo ni kinyume chake, yaani A haipandi kwa sababu pete iko mbali, weka kijiti laini chini ya kipedi kisijifunge, kisha isukume pete ndani kidogo. Usitumie koleo. Vidole vinatosha, na vidole vinajua kuacha.

Ukiwa hapo shingoni, angalia na ule ukanda wa kizibo ambao mautipisi inavaa. Ukikauka na kulegea, hewa inavuja na mautipisi inayumba. Karatasi nyembamba iliyozungushwa mara moja inakuvusha usiku mmoja, lakini kizibo kibadilishwe.

Hatua ya tano: kutafuta panapovuja

Mautipisi safi, mikono safi, oktavi safi, na bado noti za chini zinakoroma au zinaruka juu? Sasa ndiyo tuseme pedi. Pedi ni vile vifuniko vya sufi ngumu vilivyovikwa ngozi, vinavyoziba matundu.

Shuka noti moja moja bila oktavi: B, A, G, F, E, D, C ya chini. Pulizia kwa ulaini, kwa sababu ukipuliza kwa nguvu unaficha kosa. Noti ya kwanza inayogoma au kuhitaji nguvu zaidi ndiyo inayokupa anwani: kosa liko kwenye pedi iliyofungwa kwa noti hiyo, au juu yake. Kisha bonyeza noti hiyo hiyo kwa nguvu za vidole. Ikipona kwa kubanwa, pedi haizibi sawasawa.

Ili uone kwa macho, subiri usiku. Chukua ule mkufu wa taa ndogo za betri unaopambia kumbi za harusi, uuteremshe ndani ya bomba, uzime taa ya chumba. Umeme ukikatika ndiyo bora zaidi. Funga vitufe kwa ulaini kimoja kimoja. Nuru ikichungulia ukingoni mwa pedi, hapo ndipo. Baada ya hapo thibitisha kwa kipande chembamba cha karatasi ya sigara: kiweke chini ya pedi, funga kwa ulaini, vuta. Zunguka pande zote nne. Upande unaoachia karatasi bila kuibana ndio unaovuja.

Kabla ya kuilaumu pedi, pima skrubu ya G-shapu, kwa sababu inadanganya watu sana. Piga D ya chini, na ukiwa unaipiga bonyeza kitufe cha G-shapu kwa kidole kidogo cha kushoto. Sauti isibadilike hata chembe. Ikikoroma, ule mkono mdogo unaotakiwa kuikandamiza pedi ya G-shapu wakati unapiga noti za mkono wa kulia haufiki. Juu yake kuna skrubu ndogo. Hapa ndipo bisibisi inapopata ruhusa: izungushe kuelekea kulia kama moja ya nane ya mzunguko, upime, uongeze ikibidi. Ukipitiliza, G-shapu itafunga lakini pedi ya F-shapu itaachwa wazi, na utakuwa umebadilishana kosa moja kwa jingine. Jirani yake kuna skrubu ya B-flati. Ipime kwa kupiga B-flati ya kidole cha kwanza cha kila mkono. Sauti ikiwa na ukungu, tiba ni ile ile.

Hatua ya sita: pedi inayonata

Ukibonyeza G-shapu na ikatoka G, kitufe hakijavunjika. Pedi imenata kwenye tundu lake. G-shapu na C-shapu ya chini zinafungwa muda wote, kwa hiyo unyevu unakaa chini yake, na springi inayoifungua G-shapu ni dhaifu. Sababu kubwa ni sukari. Mtu anakula halua na kahawa mapumzikoni, au anakunywa soda, halafu anarudi moja kwa moja kupuliza. Sukari inakwenda na mate mpaka kwenye pedi na inageuka gundi. Nimeacha kabisa kuona aibu kuwaambia wanamuziki wakubwa kuliko mimi wasukutue maji kwanza.

Weka karatasi safi isiyo na maandishi chini ya pedi, ifunge kwa ulaini, iachie, utoe karatasi. Usiivute ikiwa imebanwa, utachuna ngozi. Rudia na sehemu kavu ya karatasi mpaka isitoke doa. Ikiwa bado inanata, lowesha kipande cha karatasi kwa spiriti safi ya kusafishia vidonda, ufanye vivyo hivyo, halafu kavu tena. Poda ya mtoto usitie. Inafanya kazi usiku mmoja, kisha inachanganyika na unyevu na kuwa udongo ndani ya pedi.

Springi, chumvi na mafuta

Kitufe kikilegea ghafla, kisirudi juu, mara nyingi springi imetoka kwenye kijishikio chake. Springi zenyewe ni kama sindano zilizosimama kwenye nguzo. Sindano ya kufumia yenye kulabu ndogo, ile wanayotumia kina mama kwa vitambaa vya meza, ndicho chombo bora kabisa cha kuirudisha: ivute taratibu, iache itue kwenye mfereji wake. Imevunjika? Raba bendi iliyofungwa kwa werevu itakufikisha mwisho wa shoo.

Zinavunjika kwa nini? Kwa kutu. Springi nyingi ni za chuma, na sisi tunaishi ndani ya bahari. Ukipiga Forodhani, au kwenye hoteli za Paje na Nungwi upepo wa kusi unakupiga usoni, chumvi inakaa kwenye fito, vile vyuma vyembamba vinavyobeba vitufe, na kwenye springi hata kama huioni. Usiku huo huo futa mwili wote kwa kipande cha kanga kuukuu. Nasema kanga kuukuu kwa makusudi: pamba iliyofuliwa miaka inakunywa unyevu vizuri na haiachi nyuzi, mpya inateleza tu. Kipande kingine kifunge kamba na kizito kidogo, ukipitishe ndani ya bomba mara mbili tatu.

Mafuta, tumia ya cherehani. Tone moja kwa ncha ya sindano pale ufito unapokutana na nguzo, ukiona mwezi umepita na vitufe vinakwenda kwa uzito. Lisimwagikie pedi. Mafuta ya nazi, tafadhali, hapana. Najua yako kila nyumba na yanang'arisha, lakini yanachacha, yanavuta vumbi, na fito zinakwama kabisa.

Na jua. Februari, msimu wa Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar linalofanyika tangu mwaka 2004, kaskazi ina joto kali, na nimeona mtu ameacha chombo ndani ya gari lililofungwa vioo. Pedi zimeshikiliwa na gundi inayolainika kwa joto. Alikuta mbili zimehama mahali pake.

Ya fundi

Pedi iliyochanika, tundu lililopinda, ufito uliokunjika, na bomba lililobonyea karibu na shingo: hayo mpelekee fundi wa ala, na hata kama itabidi uvuke bahari kwenda Dar es Salaam, vuka. Ukienda usimwambie "inalia vibaya". Mwambie: mautipisi peke yake inatoa A safi, oktavi nimeipima, kosa linaanza F na linapona nikibana kwa nguvu, nuru inaonekana upande wa nyuma wa pedi. Fundi mwenye maelezo hayo anafanya kazi ya nusu saa badala ya siku mbili, na wewe unalipa kidogo.

Yule kijana wa Pemba pete yake tuliinyoosha kwa vidole, skrubu mbili tukazirudisha mahali pake, na kabla ya magharibi akawa anashuka mpaka B-flati ya chini kwa pumzi ndogo tu. Kilichokosekana kilikuwa ile plagi inayozibwa juu ya mwili shingo ikishachomolewa. Ndiyo inayoilinda pini ya oktavi isisukumwe njiani. Yake ilipotea zamani. Tulichukua kandambili iliyokatika mkanda, tukachora duara kwa kalamu, tukalikata kwa wembe kubwa kidogo kuliko mdomo wa bomba, likaingia likakaza. Shingo aliizungushia kanga, akaiweka peke yake kwenye mkoba wa begani.